Msichana wa Kwenye Kopo la Pini

"Nani kanitia meno?"

Hilo ndilo neno la kwanza alilotamka shangazi yangu Hermien alipokiona kijitabu cha maonyesho yetu. Nilikuwa nimempelekea kwa majivuno, pamoja na mkate wa zabibu, kwa kuwa nilikipanga na kukichapisha mwenyewe. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya kopo la bati, dogo kama kipande cha sabuni ya kunawia, na juu ya kifuniko chake msichana wa kiwandani anacheka huku ameshika uzi.

"Meno gani, Shangazi?"

"Haya hapa." Akalikandamiza jalada kwa kidole kana kwamba anaua mdudu. "Huyu ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Na hapa mbele palikuwa na mwanya, mwanangu, mwanya wa kupitisha kamba ya kiatu. Sasa nani kauziba?"

Shangazi ana miaka themanini na miwili. Husahau alikoweka funguo, lakini hajawahi kusahau sura ya mtu, sembuse yake mwenyewe. Niliketi.

Kabla sijaendelea, niseme sisi ni akina nani, maana aibu ikigawanywa hupungua uzito. Zamani mji wetu wa Almelo, na eneo zima la Twente, ulikuwa wa viwanda vya nguo. Viwanda hivyo viligawa vitu vya bure ili jina la kiwanda likae nyumbani kwa mtu: makopo ya pini, tepu za kupimia, kastabini, vioo vya mfukoni, vijitabu vya sindano, vipimajoto vya kutundika ukutani. Waliopewa walivitumia mpaka vikaisha, kama watu wenye akili timamu. Halafu viwanda vikafungwa, na tukazaliwa sisi, Chama cha Wakusanyaji, watu ishirini na watatu wenye elimu na pensheni nzuri, ambao huvaa glavu nyeupe kushika kitu ambacho mke wa fundi bomba alipewa bure alipokwenda kununua shuka.

Ndani ya Chama tuna matabaka, kwani binadamu wawili hawawezi kukusanya vifuniko bila mmoja kujiona bora. Juu wako watu wa bati. Chini wako watu wa karatasi, wenye kalenda na vijitabu, ambao huketi karibu na mlango na kunywa kahawa ikiwa imepoa. Mimi siko popote. Ni katibu, cheo nilichopata kwa kuwa na umri chini ya miaka sitini na kumiliki kompyuta.

Na juu ya watu wote wa bati aliketi mwenyekiti wetu, Daktari Dinand Kolthof, aliyekuwa daktari wa meno mjini kwa miaka arobaini. Kopo la kwenye jalada lilikuwa lake. Kiwanda cha Ter Welle na Wanawe kiligawa makopo kama hayo kwa maelfu, lakini lililobaki na kifuniko kizima, kwa ujuzi wetu, lilikuwa hilo moja. Kwenye rejista yetu limeandikwa neno moja tu: "Limepatikana."

"Lilipatikana, eh?" alisema Shangazi. "Ngoja nikwambie lilivyopatikana."

Mwaka 1958, mpiga picha alikuja kiwandani, akawapanga wasichana mstari mmoja kama ng'ombe wa mnadani, akamchagua yeye kwa sababu ya nywele. Akamwambia acheke. Shangazi akacheka huku kaziba mdomo kwa kiganja, maana kwetu mwanya ulikuwa kasoro. (Nasikia ziko nchi ambako mwanya huimbiwa nyimbo. Shangazi alizaliwa nchi isiyo yake.) Mpiga picha akaushusha mkono ule mara tatu. Kwa kazi hiyo Shangazi aliahidiwa zawadi, na zawadi ikawa kopo la kwanza kutoka mashineni, likiwa na pini ndani. Uso wake ukauza shuka miaka sita, ukawekwa kwenye makopo, kwenye kalenda, kwenye vijitabu. Yeye alibaki na kopo.

"Nilitembea nalo kila mahali. Pini, vidonge vya kichwa, vyote humo. Mpaka mwaka 1971."

Mwaka huo alikwenda kung'olewa meno. Yote. Hayakuwa mabovu. Ilikuwa desturi: mwanamke akikaribia kuolewa, au akishazaa, anang'olewa meno yote asubuhi moja na kutiwa ya bandia, ili mume asije akasumbuliwa na gharama baadaye. Watu walipeana kama zawadi ya harusi. Daktari alikuwa kijana, ana kliniki mpya, jina lake Kolthof.

"Niliweka kopo pale kwenye kile kimeza chake. Nikalala. Nilipoamka mdomo umejaa pamba, kichwa kama tenga la mawe, mume wangu kanibeba. Ijumaa iliyofuata nikarudi. Siwezi kusema, nimevimba kama andazi, nikaandika kwenye karatasi: 'Kopo langu?' Akasoma. Akatikisa kichwa. 'Halikuonekana, bibi.'"

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii? Unajua niko kwenye Chama!"

"Uliniuliza lini? Nyinyi huyauliza makopo."

 Nilikata mkate wa zabibu.

"Nalitaka," alisema. "Sitaki picha yake, sitaki barua ya kuniomba radhi. Lile ndilo nililolipwa. Nalitaka mkononi."

Hapo ndipo nilipoona shida ilivyo kubwa. Maonyesho ya miaka hamsini yalikuwa Jumamosi. Jumatatu kopo lingekabidhiwa makumbusho ya mji, na kitu kikishaingia kwenye kioo cha makumbusho hakitoki, hata aliyekiweka afe na afufuke. Tulikuwa na siku nne.

Lakini tulikuwa pia na Kifungu cha Saba. Waasisi wa Chama, walipokuwa wakibisha hodi kwenye nyumba za wafumaji wazee kuomba makopo yao, waliandika kwenye katiba kwamba mtu aliyepewa kitu na kiwanda moja kwa moja, akiwa hai na akikidai mbele ya mkutano, atarudishiwa. Kiliandikwa kwa adabu tu, kama vile mtu anavyomwambia mgeni "karibu tena". Kwa miaka hamsini hakuna aliyekitumia, kwa sababu Chama kilikuwa na subira na wafumaji walikuwa na umri.

Niliweka dai la Shangazi kwenye ajenda, namba tisa. Kolthof akalifuta. Nikalirudisha. Akanipigia simu.

"Fenna, binti yangu," alisema kwa ile sauti ya kumwambia mtu hutasikia maumivu, "shangazi yako ni mtu mzima. Wazee huona sura zao kila mahali. Mama yangu alijiona kwenye stempu."

"Atakuja kusema mwenyewe, Daktari."

"Mvua itanyesha Jumamosi."

"Kwetu hunyesha kila Jumamosi."

Alikuja kwa baiskeli. Miaka themanini na miwili, upepo ukimpiga usoni, koti la mvua la kijani, mkoba kwenye kikapu. Akaingia ukumbini saa nne asubuhi akichuruzika maji, akaketi mstari wa mbele kwenye kiti chenye karatasi iliyoandikwa "Mstahiki Meya". Meya alituma salamu tu, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa.

Makopo yalikuwa yamepangwa kwenye meza yenye kitambaa cheusi, na katikati, peke yake, chini ya bakuli la kioo, lile la Shangazi. Alilitazama kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa sauti ambayo yeye huidhani ni mnong'ono, "Mbona wamemfunika kama jibini?"

Kolthof alihutubia dakika arobaini. Alizungumzia uaminifu kwa vitu vya asili. Alisema mkusanyaji wa kweli hasafishi, hapaki rangi, haongezi, hapunguzi. "Sisi ni walinzi," alisema, akagusa kifua mahali ambapo watu wengine wana moyo. Watu wa bati wakapiga makofi. Nikayaandika yote kwenye kumbukumbu, ndiyo kazi yangu.

Tukafika namba tisa. Shangazi akasimama.

"Mimi ni Hermien Oude Lansink. Nilifuma Ter Welle miaka kumi na miwili. Huyo hapo kwenye bakuli ni mimi, na kopo ni langu. Nalidai kwa hicho kifungu chenu."

 Kisha Alberdien, mtunza rejista wetu, mwanamke mwembamba ambaye huvaa glavu nyeupe hata kula biskuti, akauliza kwa upole, "Una karatasi yoyote, bibi?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya kuthibitisha kwamba wewe ni wewe wa wakati ule."

"Nina uso."

"Uso," alisema Alberdien, akiandika, "umepitia mabadiliko."

Wakamsogelea. Naapa sisemi uongo, walivaa miwani ya kukuzia. Mmoja alimwomba ageuke upande kidogo. Mwingine akasema sikio linafanana, ila la kwenye kopo liko katika hali bora zaidi. Wa tatu akataka kujua kama nywele ni za asili. Walimkagua shangazi yangu kama walivyozoea kukagua kitu kilicholetwa na mtu wasiyemjua, wakitafuta nyufa na kutu, wakisahau tu kumpindua waone mhuri wa chini.

"Mkinigusa nyuma," alisema Shangazi, "nitawavunja vidole."

Kolthof akainua mkono. "Wapendwa, tusimchoshe bibi wa watu. Jambo ni rahisi." Akaliinua bakuli, akashika kopo kwa glavu, akalionyesha ukumbi mzima. "Tazameni kinywa. Meno haya yamepangika kikamilifu. Ni meno mazuri kuliko yote niliyopata kuyaona kwenye bati. Sasa, kwa masikitiko, mimi ndiye niliyemtibu Bi Hermien. Nakikumbuka kinywa chake. Hakikuwa hivi."

"Hakikuwa hivyo!" alipaza sauti Shangazi. "Ndicho ninachosema mimi! Nilikuwa na mwanya!"

"Basi tumekubaliana," alisema Kolthof. "Wewe ulikuwa na mwanya. Huyu hana. Huyu si wewe."

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hoja nzuri huwapumzisha. Nilimwona Shangazi akishika mgongo wa kiti, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee. Nikafungua mdomo, lakini katibu hana haki ya kusema mpaka maswali ya mwisho, na katiba ile niliiandika upya mimi mwenyewe, mjinga mimi.

Ndipo kikohozi kikasikika karibu na mlango.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema Wolter. "Mimi ni mtu wa karatasi tu."

Wolter alikuwa karani wa posta. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akileta mafaili yake kwenye mikutano, na kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu wa bati aliyewahi kuyafungua. Sasa alikuja mbele na faili moja kifuani, mwendo wa mtu anayebeba mtoto kwenda kubatizwa, akalifungua mezani. Ndani ya mfuko wa plastiki kulikuwa na kijitabu cha sindano cha Ter Welle, cha mwaka 1959. Picha ni ile ile: msichana yule, uzi ule, kicheko kile. Na katikati ya kicheko, mwanya mweusi, mpana, wa raha zake.

"Ehe!" alisema Shangazi. "Huyo sasa ndiye mimi."

"Karatasi!" Kolthof alicheka kidogo. "Huo ni wino uliovuja. Karatasi hukunjika, hufifia, huliwa na nondo. Tangu lini karatasi ikasahihisha bati?"

Alikosea hapo. Angesema lolote jingine angepona. Wolter alikuwa mtu mpole, angerudi kwenye kiti chake na kahawa yake baridi. Lakini nyuma yake watu wa karatasi wote saba wakasimama kwa pamoja.

"Rudia," alisema Wolter.

"Nasema tu kwamba—"

"Nina vijitabu vitatu. Vyote vitatu vina mwanya. Je, nondo wametoboa palepale mara tatu? Nadai kopo limulikwe."

Lazima nieleze taa. Chama kina taa ya bluu. Kila kitu kipya kikiletwa, tunafunga mapazia, tunakimulika, na palipopakwa rangi mpya pataonekana kwa kung'aa. Tumewatoa watu machozi kwa taa ile. Mzee mmoja wa mji jirani wa Borne alihama kabisa. Ila kwa heshima ya cheo, vitu vya mwenyekiti havimulikwi. Haijaandikwa popote. Ni kama vile mtu asivyomnusa mchungaji kuona kama amekunywa.

"Haiwezekani," alisema Kolthof.

"Kwa nini?" aliuliza Alberdien.

Aliuliza bila ubaya, nadhani. Alikuwa anataka tu jibu la kuandika.  Lakini Kolthof alisogeza kopo karibu na koti lake, na Alberdien, ambaye amekagua vitu vya watu tangu akiwa msichana, aliuona mkono ule ukisogea. Akanyoosha wake. "Nipe, Dinand."

Tukafunga mapazia. Saa tano asubuhi, ukumbi mzima gizani, watu ishirini na watatu na shangazi yangu tunapumua kama kwenye sinema. Taa ikawaka. Kopo lote likawa zambarau, zito, kimya. Na katikati yake, kati ya meno mawili ya mbele, pakawaka peupe kama taa ya baiskeli.

Mtu akapiga yowe. Alikuwa Alberdien.

"Umelipaka rangi! Dinand! Umelipaka rangi!"

"Si rangi," alisema Kolthof gizani, kwa sauti ndogo sana. "Ni dawa ya kuzibia meno. Ile bora kabisa."

Mapazia yakafunguliwa. Uso wa mwenyekiti ulikuwa umesawijika. Nimemsikia akitoa hotuba nyingi, hii ndiyo pekee niliyoiamini.

"Nilikuwa nikiliweka mezani nyumbani," alisema. "Kila jioni nakunywa kahawa, nauona ule mwanya. Miaka kumi na miwili. Nimefundishwa nikiona pengo nizibe. Siku moja mgonjwa hakuja, dawa nimeshaichanganya, itakauka bure... Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Kazi safi. Hakuna kati yenu aliyeona miaka arobaini na moja."

"Dakika mbili," alisema Shangazi.

Akatembea mpaka mbele yake. Ni mfupi, ilibidi ainue kidevu.

"Yangu mimi uliyang'oa ishirini na nane, mazima, kabla ya chakula cha mchana. Ya huyu wa bati ukayatengeneza bure. Halafu ukanitikisia kichwa, 'halikuonekana, bibi.' Nimesimama pale kwenye mlango wako, damu mdomoni, kikaratasi mkononi. Ulikuwa nalo mfukoni?"

Kolthof alitazama glavu zake. "Kwenye droo," alisema.

Nilingoja ukumbi ulipuke. Ndiyo, ulilipuka.

"Dawa ya meno!" alilia mtu wa bati wa mstari wa pili. "Juu ya rangi ya asili!"

"Na sisi tukampigia makofi!"

"Maonyesho yameharibika. Kijitabu kizima kimeharibika!"

"Nilimwonyesha mjukuu wangu kopo lile," alisema mwingine, akaketi, akashika kichwa.

Hakuna aliyesema wizi. Nilisikiliza kwa makini, kalamu mkononi. Mtu alimwibia mgonjwa wake aliyelala, akamdanganya usoni, akaketi juu ya kopo miaka hamsini na mitatu, akawaita wasikilizaji wake walinzi. Na Chama, kwa hasira ya haki kabisa, kilikuwa kinamlaani kwa kuziba mwanya. Kura ilipigwa papo hapo. Kolthof aliondolewa uenyekiti kwa kura ishirini na moja. Kura ya pili ikaondoa kopo kwenye rejista, sababu: "Limeharibiwa. Halina thamani ya mkusanyiko." Alberdien aliyaandika maneno hayo huku anafuta machozi. Watu wa karatasi wakasogeza viti vyao mbele, wakamimina kahawa ya moto.

Nikasimama. "Maswali ya mwisho," nikasema. "Kifungu cha Saba bado hakijajibiwa."

"Kipi?" aliuliza Alberdien.

"Kopo la Shangazi."

"Aa, hilo." Alilitazama lile bati pale mezani, ambalo asubuhi ile ile asingeruhusu mtu apumue juu yake. "Achukue tu. La nini sasa?"

Ndivyo haki ilivyotendeka mjini kwetu. Iliingia kwa mlango wa jikoni, ikadhaniwa kimakosa kuwa takataka, na Shangazi akaiokota kabla haijafagiliwa. Alilitia kopo kwenye mkoba, akafunga vifungo vya koti, akachukua na mipira miwili ya nyama ya kukaanga kutoka kwenye sahani ya Meya. Alipompita Kolthof, aliyekuwa amekaa peke yake kando ya kabati la makoti, alisimama. Nilidhani atamtemea mate.

"Ulikuwa na mikono myepesi, Dinand," alisema. "Sikuhisi kitu. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli."

Halafu akatoka mvuani, na mzee yule akaanza kuvua glavu zake, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Jikoni kwake, Shangazi aliweka kopo chini ya taa, akavaa jozi mbili za miwani, moja juu ya nyingine, akachukua pini.

"Shangazi, taratibu. Tumpelekee fundi wa makumbusho."

"Nimefuma nyuzi mia mbili kwa upana wa mkono. Nyamaza."

Akaingiza ncha ya pini pembeni ya lile jino la uongo, akasukuma. Ile dawa ilikuwa ngumu kama kucha, lakini ilikaa juu juu. Ilichomoka nzima, mara moja, kama ganda la njegere, ikaruka ikadondokea ndani ya sufuria ya supu, na mpaka leo hatujui nani aliila. Chini yake mwanya ulikuwa palepale, mweusi, haukuzeeka hata siku moja.

Shangazi aliutazama. Meno yake yalikuwa kwenye glasi kando ya dirisha, kwa hiyo alipocheka alicheka na ufizi mtupu, na huwezi kuniambia hawakufanana.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia Wolter. Nilimsimulia Jumapili, kufikia Jumanne saa nne asubuhi Alberdien alikuwa mlangoni na keki ya tufaha, ya kuoka mwenyewe, yenye mdalasini mwingi kuliko alivyowahi kumpa mtu.

"Bi Hermien, mpenzi," alisema akiingia, macho yakizunguka jikoni. "Tumesikia kwamba... kwamba limerudi katika hali yake ya asili?"

"Keti," alisema Shangazi. Alikuwa anapinda mapazia ya chumbani, kitambaa kimejaa meza yote. Akamimina kahawa, akampa biskuti moja, akafunga mkebe wa biskuti.

Alberdien alikuwa na barua. Chama, kilisema, kilikuwa tayari kulirudisha kopo kwenye rejista, daraja la kwanza, na kwenye makumbusho lingewekwa kadi yenye jina kamili la Shangazi kama mpokeaji wa kwanza. Kwa herufi kubwa. Wangemwalika kwenye ufunguzi. Safari hii Meya angekuja kweli.

"Mwanzo mlisema sina karatasi," alisema Shangazi. "Sasa mmeniletea."

"Tulikuwa hatujui, bibi. Utuelewe. Lilikuwa halijathibitishwa."

"Nilikuwa sijathibitishwa."

 Hapo ndipo Alberdien alipoliona kopo. Lilikuwa wazi katikati ya mapazia, limejaa pini mpaka ukingoni, pini mpya za dukani zenye vichwa vya rangi. Akashika ukingo wa meza.

"Bibi... angalau pini usitie. Zinakwaruza ndani."

"Ni kopo la pini. Nitie nini, samaki?"

"Kuna pamba maalumu. Isiyo na tindikali. Naweza kukuletea bure kabisa."

"Bure," alisema Shangazi, akaniangalia mimi, na mimi nikatazama sakafu maana nilikuwa nakaribia kuchekea ndani ya kahawa. Kisha akauvuta upindo wa pazia mpaka upande wa pili wa meza. "Shika hapa, mwenzangu. Vuta sawasawa. Fenna mkono wake unatetemeka."

Na Alberdien, mtunza rejista, akavaa glavu zake nyeupe, akashika pazia. Alishika vizuri, lazima niseme. Shangazi alikwenda taratibu, upindo mrefu wa mita tatu na nusu, na kila baada ya upana wa vidole vinne aliingiza mkono koponi, akatoa pini, akafunga kifuniko kwa dole gumba lililo juu ya uso wa msichana, ta. Akafungua tena. Ta. Kila mara Alberdien alifumba macho. Hakuachia.